Jina la Mgonjwa

Mabheleni,
6 Mei 1998

Wifi yangu Zoleka,

Natumaini huko Cape Town mnalala na kuamka salama, na kwamba yule mama unayempikia bado anaamini kitunguu humletea ndoto mbaya. Huku sote ni wazima isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo ni baba yako, na hata yeye haugui mwili mzima. Anaugua kidole kimoja cha mguu wa kushoto.

Kile kidole ulichokiacha chekundu mwezi wa Machi sasa ni cheusi. Tena kinanuka, wifi. Siku ya kwanza nilidhani panya amefia nyuma ya kabati. Nikalisukuma kabati kwa mwili wangu huu unaoujua, nikavunja sahani mbili na kikombe cha harusi yangu, panya asionekane. Kumbe panya ni baba, Mungu anisamehe.

Basi Jumatatu jirani yetu Gcobani akatupakia kwenye pikapu pamoja na madumu yake ya maziwa, akatushusha kwenye lango la hospitali, akaenda zake sokoni. Viti vya magurudumu viko vitatu, na vyote havina magurudumu. Nikaazima wilbaro la mtunza bustani, nikatandika blanketi, nikamsukuma baba hadi mapokezi kama mtu anayepeleka maboga mnadani.

Wewe ulipompeleka Machi ulivaa kofia ya mjini, labda walikuonea haya. Mimi nilivaa sweta la marehemu kaka yako. Pale mapokezi pana dirisha la kioo lenye tundu, na tundu lenyewe limewekwa chini ili asiwepo mtu wa kusema bila kuinama. Kwa magoti yangu ya miaka arobaini na tisa, kuinama ni rahisi. Kuinuka ndiko kunakohitaji kikao. Nyuma ya kioo ameketi karani anaitwa Bulelwa. Mbele yake ana bakuli la miguu ya kuku. Anatafuna kifundo, anafyonza, anatema kifupa kwenye kifuniko cha bakuli, kisha kwa vidole vile vile vinavyong'aa mafuta anafunua faili la mtu. Karatasi zinanata. Nilimwona akilamba kidole ili zisinate.

Mbele yetu alikuwa mwanamume mzima, mtu na ndevu zake, ameinamia tundu ananong'ona.

"Ongea!" Bulelwa akamfokea. "Usaha unatoka wapi? Huko chini? Tangu lini? Na mkeo anajua?"

Foleni nzima ikaanza kutazama dari. Dari lenyewe halina la kutazamwa.

Ikafika zamu yetu. Kabla sijafungua mdomo, baba akainua kichwa kutoka kwenye wilbaro, akamwangalia Bulelwa, akamwambia neno lake. Unajua kiharusi cha mwaka jana kilimwachia neno moja tu, lile la kufukuzia mbwa: "Toka!" Humwambia mchungaji, huwaambia wajukuu anapowapenda, huniambia mimi nikimletea uji, nami humjibu, "Asante, baba." Lakini Bulelwa si mjukuu wake. Mguu wa kuku ukabaki hewani.

"Amesema nini huyu?"

"Anasalimia, dada."

"Anasalimia? Mimi ni mbwa?"

"Ni kiharusi, dada. Hana neno jingine."

"Kiharusi kimechagua matusi peke yake?"

Mengine akauliza, nikamjibu kadiri nilivyoweza. Tukapewa faili na kadi, tukaonwa na daktari kijana, tukapewa dawa ya kupaka. Mambo ya kumfunga kidonda anayafanya Gcobani, maana si kazi ya mkamwana. Usihangaike.

Wako,
Nosakhele


Gugulethu, Cape Town,
16 Mei 1998

Wifi Nosakhele,

Sitaki habari za miguu ya kuku, nataka habari za mguu wa baba. Dawa ya kupaka! Kwani kaumwa na mbu?

Machi daktari aliniambia waziwazi, na mimi nikakuambia jikoni, ila wewe siku hiyo ulikuwa unaniuliza kama ni kweli wazungu huku huwavalisha mbwa masweta. Sukari imeziba mishipa, damu haifiki vidoleni. Walimtoa damu, walimpima, wakaandika yote kwenye faili. Na faili hilo linasema kwamba Alhamisi ya mwisho ya Mei, tarehe ishirini na nane, aonwe na bingwa wa mishipa anayetoka mjini mara moja kwa mwezi. Jina lake liko kwenye orodha. Nililiona likiandikwa kwa macho yangu. Daktari akasema: akiwahiwa, kinaondoka kidole. Akichelewa, unaondoka mguu.

Huyo daktari kijana hakusoma faili? Mwambie asome! Wewe unaogopa nini? Kwenye misiba hakuna anayekunyamazisha, mbele ya kioo umekuwa bubu. Inama, sema, inuka. Magoti tutayatengeneza baadaye.

Tarehe ishirini na nane, wifi. Usikose.

Zoleka


Mabheleni,
29 Mei 1998

Wifi Zoleka,

Hatukukosa. Alfajiri tulikuwa pale, mimi, baba na wilbaro. Watu wamejilaza kwenye sakafu kama magunia. Mama mmoja mbele yangu alitapika, akaomba kitambaa apanguse mwenyewe. Bulelwa akampitishia kwenye tundu karatasi moja ya kuandikia. Moja, wifi. Na akamwambia, "Usiimalize yote."

Yule bingwa alikuwepo. Nilimwona akipita, mrefu, ana mkoba wa ngozi. Orodha yake iko kwa Bulelwa. Nikampitishia kadi yetu. Hakuishika kwa mkono, aliivuta kwa ncha ya rula, maana kwenye wilbaro ilipata usaha kidogo pembeni. Mwenyewe ana mafuta ya kuku hadi kwenye viwiko.

"Huyu hayumo."

"Yumo, dada. Aliandikwa Machi."

"Faili hili ni la mwezi huu. Machi mlikuwa wapi?"

Nikasema sijui nini, na nilichosema sikumbuki. Akamwita mwingine. Nesi niliyemfuata koridoni naye akanirudisha: mambo ya faili ni ya dirishani. Tumerudi nyumbani na kopo jingine la dawa ya kupaka. Mpaka tarehe ishirini na tano Juni.

Kidole cha pili kimeanza. Nyumbani nimechoma majani ya mkaratusi kuondoa harufu, sasa nyumba inanuka mkaratusi na kidole. Baba hali chakula sana. Jana mbwa wa Gcobani aliingia akanusa mguu, nikamfukuza, na baba akanisaidia kwa neno lake. Hilo ndilo jambo pekee lililoenda sawa wiki hii.

Nosakhele


Gugulethu,
9 Juni 1998

Nosakhele,

Leo sikuiti wifi.

Nimepiga simu hospitali. Nilisubiri yule mama ninayempikia atoke kwenda kucheza karata, nikatumia simu yake, dakika ishirini na tatu nikisikiliza mtu anatafuna. Nikamwambia karani: namuulizia mgonjwa Langa Matshaya, wa Mabheleni, anaumwa mguu, ameonwa mara mbili mwezi uliopita. Akasema ngoja akatafute, kisha akarudi kwenye simu. Akasema: "Langa Matshaya hajaonekana hapa tangu Machi. Alipangiwa bingwa tarehe ishirini na nane, hakuja. Nyie mnaotupigia simu kutoka mjini, waulizeni mliowaachia wazazi."

Nikamwambia anakosea. Akanisomea faili, neno kwa neno. Machi, damu, sukari, bingwa. Baada ya hapo ukurasa mtupu.

Sasa niambie. Umekuwa ukimpeleka wapi baba yangu? Kama ulichoka, ungesema umechoka. Kama nauli ilikuwa shida, ungesema. Lakini kuniandikia kurasa mbili za hadithi, wilbaro, bakuli, kitambaa cha matapishi, nami nikicheka kama mjinga kwenye jiko la watu, huku baba anaoza ndani ya nyumba na wewe unampaka mafuta ya dukani!

Kaka yangu alikuoa akasema, "Huyu anachekesha lakini hadanganyi." Nafurahi hayupo kusoma haya.

Zoleka Matshaya


Mabheleni,
27 Juni 1998

Wifi yangu,

Maana mimi bado nakuita wifi.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na nane, na nimeikalia siku tisa. Siku tatu za kwanza nilikuwa na hasira. Siku nyingine tatu nilitafuta maneno. Tatu zilizobaki nilikuwa na haya, na haya ndiyo iliyoshinda, kwa hiyo soma taratibu.

Nimempeleka. Mara zote nilizosema, nimempeleka. Lakini kwenye faili lile ulilosomewa hayumo, na kosa ni langu.

Wewe jina la baba yako umelipigia kelele tangu utotoni. Mimi niliolewa humu nikiwa na miaka ishirini na miwili, na jioni ya kwanza mama yako, apumzike kwa amani, alinikalisha chini akaniambia: jina la baba mkwe halitoki kinywani mwako hadi unaingia kaburini. Na kwa kuwa jina lenyewe ndilo jina la kile kinachochomoza asubuhi, hata hicho sijakitaja miaka ishirini na saba. Nasema "kile cha juu." Watoto wangu walipokuwa wadogo walidhani nina ugonjwa. Nikilazimika kumtofautisha na akina Matshaya wengine, natumia jina ambalo wake wote wa ukoo huu humpa: Mkhanyisi, yule mwenye kuangaza. Kijiji kizima kinajua. Hapo sikuwahi kupata shida na mtu.

Sasa rudi dirishani, tarehe nne Mei. Kadi ya Machi sikuiona popote, nimepekua hadi ndani ya Biblia. Kitambulisho chake kiko ofisi ya serikali tangu Februari, wanarekebisha mwaka wa kuzaliwa. Bulelwa akaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema Matshaya.

"Akina Matshaya wapo kumi na wanne. Yupi?"

Nikajifanya narekebisha blanketi la baba.

"Mama, yupi?"

"Ni baba mkwe wangu, dada."

Hapo ndipo, wifi, panaponitia kinyaa mpaka leo. Kama angekuwa mgeni, ningesema hajui. Lakini huyu ni mtoto wa hapa hapa, bonde la pili, amelelewa na mama aliyefunga kitambaa kichwani kama mimi. Alijua. Nilimwona akijua. Aliweka mguu wa kuku chini, akafuta midomo, akaegemea kiti kama mtu aliyeletewa ngoma nyumbani.

"Ahaa! Bi harusi!" Mimi, wifi, mwenye mvi! "Jamani, tuna bi harusi hapa! Sema jina, bi harusi. Hapa ni hospitali, si kwenye zizi la baba mkwe."

"Nitakuandikia, dada."

"Mimi sisomi vikaratasi. Mdomo huna?"

Nyuma yangu watu wanasonya, mtoto analia, na baba amelala kwenye wilbaro ananitazama. Kasikia kila neno, maana masikio yake mazima. Nikasema Mkhanyisi. Akacheka, akaandika, akafungua faili jipya jeupe kama unga. Ndiyo maana daktari kijana alikuta ukurasa mtupu. Ndiyo maana kwenye orodha ya bingwa hayumo. Baba yako ana mafaili mawili, na moja ni la mtu asiyekuwepo.

Ningekuambia mwanzoni. Lakini ungecheka, au ungesema ushamba, na mimi nilitaka unione mtu anayeweza kazi. Hayo ndiyo yaliyoniziba mdomo.

Juzi, tarehe ishirini na tano, nikafanya ujanja. Nilimwomba Gcobani aache maziwa, aje ataje yeye. Akainama, akasema jina vizuri kabisa. Bulelwa akamuuliza, "Wewe ni nani kwake?" Akasema jirani. "Basi habari za mgonjwa ni siri. Hatuwapi majirani."

Siri! Dakika hiyo hiyo anamfokea mama mmoja nyuma ya Gcobani, "Wewe wa kaswende, kaa upande wa kushoto!"

Vidole ni vitatu sasa. Wino umekwisha, au ni macho.

Nosakhele


Gugulethu,
6 Julai 1998

Wifi, wifi yangu,

Jana nilimwaga mkoba wangu wa safari kitandani nikitafuta sindano. Ikaanguka risiti ya basi, ikaanguka pipi, ikaanguka kadi ya hospitali ya baba. Kadi ya Machi, ya manjano, jina lake zima juu. Niliiweka humo tulipotoka kwa daktari, "isije ikapotea." Nikapanda nayo basi usiku ule.

Umepekua Biblia wewe, na mimi nimeibeba kilomita elfu moja. Kisha nikakuita mwongo. Sijui niandike nini hapa, kwa hiyo naacha nafasi, uijaze mwenyewe kwa matusi unayoyataka.



Kadi imo ndani ya bahasha hii, namkabidhi dereva wa basi mkononi, yule ndugu yake Gcobani. Tarehe thelathini Julai nenda nayo. Hutalazimika kusema kitu, mpitishie tu.

Pia nimemwandikia Mganga Mkuu malalamiko. Kurasa nne. Nimeweka kila kitu, miguu ya kuku, kaswende, bi harusi, siri. Nimesema nataka yule mwanamke aondolewe dirishani. Ninasonya peke yangu kwa karaha nikiandika, mpaka yule mama ninayempikia ameniuliza kama nimekula kitunguu.

Wako, mwenye aibu,
Zoleka


HOSPITALI YA WILAYA
MAPOKEZI
20 Julai 1998

Bi. Z. Matshaya,
Gugulethu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KARANI WA MAPOKEZI

Barua yako ya tarehe 6 Julai imepokelewa. Unajulishwa kwamba barua zote zinazotumwa kwa Mganga Mkuu hupokelewa, hufunguliwa na kujibiwa na mapokezi. Barua yako imefunguliwa na mimi.

Uchunguzi umefanyika. Karani amehojiwa na imeonekana hana kosa.

Kuhusu chakula: karani hana saa ya mapumziko tangu mwenzake aache kazi mwaka 1996. Watu mia tatu kwa siku, dirisha moja. Karani hula anapoweza.

Kuhusu sauti: kioo ni kinene.

Kuhusu mgonjwa: kumbukumbu zinaonyesha wagonjwa wawili tofauti. Faili la mtu mmoja haliwezi kutumiwa na mwingine. Ili yaunganishwe, jamaa aliyemleta mgonjwa kwa jina la pili sharti afike mwenyewe na atamke mbele ya karani jina halisi la mgonjwa. Utaratibu ni huo kwa watu wote, walioolewa na wasioolewa.

Umeandika kwamba karani "hana mama." Karani anaye.

Wako mtiifu,
B. Tyhali
Karani wa Mapokezi
kwa niaba ya Mganga Mkuu


Mabheleni,
9 Agosti 1998

Wifi yangu Zoleka,

Baba yu hai. Naanza na hilo ili usiruke mistari. Amelala wodini, anakunywa mchuzi, amewafukuza manesi wawili na mmoja wao amempenda. Ameniita kwa mkono jana akanionyesha nimnyanyulie mto. Sasa yaliyobaki.

Kadi ilinifikia, na ile nafasi uliyoiacha nimeijaza. Ni tusi moja tu, dogo, nalo nilijitukana mwenyewe. Tarehe thelathini tulifika kabla ya lango kufunguliwa. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Nilioga, nilivaa sketi ya kanisani, nikajiambia, leo Nosakhele, kazi yako ni kupitisha kadi kwenye tundu, hata mbuzi anaweza.

Nikaipitisha. Bulelwa akaitazama upande huu, akaigeuza upande ule.

"Kadi hii ni ya Langa Matshaya."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na huyu kwenye wilbaro ni Mkhanyisi Matshaya. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwandikisha mwezi wa tano, na sahihi yako hii hapa. Sasa unanipa kadi ya mtu mwingine ili umwingize huyu kwa bingwa? Unajua huo ni wizi?"

"Dada, ni mtu mmoja."

"Mtu mmoja yupi? Huyu mzee ni nani?"

Alikuwa amenishika, wifi, na kamba aliyonifungia ni ile niliyomkabidhi mwenyewe. Niligeuka. Bingwa alikuwa ameshapita na mkoba wake. Watu wawili wa orodha yake wameshaingia. Baba alikuwa na homa, midomo imekauka, na harufu yake ilikuwa imewasogeza watu hatua tatu kila upande, tumebaki tumezungukwa na sakafu. Nzi ndio hawakusogea.

Nikapiga magoti kando ya wilbaro. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Nitafanya jambo." Hakusema neno lake. Alifumba macho. Sijui alikuwa ananiruhusu au alikuwa hataki kuona.

Nikainuka bila kushika kitu, magoti yenyewe yalishangaa, nikainama kwenye tundu.

"Langa," nikasema.

"Sikusikia."

Alisikia. Mbu angesikia.

"Langa Matshaya. Baba mkwe wangu."

Nilihisi ladha mdomoni kama ya mtu aliyerudisha chakula. Nyuma yangu mama mmoja wa makamo yangu akaguna, akajifunika uso na shali. Bulelwa akanyoosha mkono nyuma bila kuinuka kitini. Bila kuinuka, Zoleka! Faili la baba yako lilikuwa kwenye rafu iliyo nyuma ya bega lake, karibu kiasi cha kulifikia kwa mkono. Lilikuwa hapo Mei, lilikuwa hapo Juni. Juu ya jalada kulikuwa na duara la kikombe cha chai, na ndani, kati ya vipimo vya damu na barua ya bingwa, mfupa mdogo wa kidole cha kuku umekaukia. Nesi wa bingwa aliutoa kwa koleo akautupa, akaniuliza jina la mgonjwa. Nikalisema mara ya pili.

Bingwa ni mtu wa maneno machache. Alisoma ya Machi, akatazama mguu, akasoma ya Machi tena. "Mwezi wa Mei ilikuwa kidole," akasema. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Mara ya tatu nilitaja jina nikiweka dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa, kwa kuwa mkono ulikataa kuandika. Mara ya nne mlangoni pa chumba cha upasuaji, Jumatatu. Wamekata juu kidogo ya kifundo. Wameahidi kwamba palipobaki ni pazima.

Nililinda jina la baba yako miezi mitatu, wifi, na mguu wake ndio uliolipa. Ukitaka kunichukia, nimekusogezea kiti.

Sasa sikiliza ya mwisho. Wazee wa ukoo wakasema mguu wa mtu hautupwi, uletwe uzikwe kando ya zizi, mwenyewe aje kuufuata siku yake. Jumatano nikaenda kuuchukua. Wodini wakaniambia vitu vya kuchukua nyumbani vinatolewa wapi? Mapokezi.

Bulelwa akaleta boksi la katoni, la glavu, limefungwa kwa plasta. Akaliweka juu ya meza ile ile, kando ya bakuli. Akatafuta kitabu cha kusaini, hakuna. Kitabu pekee cha kukabidhi kilichopo ni cha watoto wachanga. Akakifungua.

"Jinsia?"

"Ya mguu?"

"Kitabu kinauliza."

"Wa kiume."

"Uzito?"

"Dada, sijui."

Akaliinua boksi kwa mkono mmoja, akalipima hewani kama anayenunua nyama, akaandika kilo mbili. Akarudi kwenye bakuli lake, akachukua kipande bila kunawa. Nilikuwa nimeshiba kichefuchefu tangu Mei, nikadhani kwangu hakuna nafasi zaidi. Ilikuwepo.

"Jina la mgonjwa?" akauliza, mdomo umejaa.

"Langa Matshaya."

Akaacha kutafuna. Nadhani alikuwa anasubiri nibabaike kidogo, nitazame pembeni, nitoe jasho, vile alivyozoea. Nilikuwa naangalia nje kama pikapu ya Gcobani imefika. Akaniambia, kwa sauti ya chini niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, "Umezoea sasa." Sikujua kama ananicheka au anajisikitikia. Nikachukua boksi langu.

Tumeuzika jana. Nimemlipa mzee wa ukoo kuku kwa kosa la kutaja, akasema limekwisha, halina deni tena. Lakini kwangu halijakwisha, wifi, na sina mwingine wa kumwambia. Mara ya kwanza kulitaja jina lile ilikuwa kama kujitapisha. Mara ya tano nililitaja kama mtu anayeuliza bei ya sabuni, na nimejitazama tangu siku ile, nikitafuta mahali lilipokuwa limekaa miaka ishirini na saba, sipaoni.

Wako,
Nosakhele